Kiyoyozi Kinapoza Sumbawanga, Kikifika Muze Kinagoma

Swali ni lilelile, wanaouliza ndio hubadilika. Mwenye Noah anayepeleka abiria Kasanga, mwalimu mwenye IST anayeshuka Muze, bonde la Rukwa, kila mwisho wa mwezi, mama anayefuata mchele bondeni kwa Probox, wote huniuliza: "AC ya gari langu inapuliza lakini haipozi. Niongeze gesi?" Nusu yao huongeza: "Lakini hapa mjini inapoza vizuri tu."

Usiongeze bado. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, mwaka hadi mwaka. Gari la miaka kumi na zaidi linaweza kupoteza kidogo kupitia mipira ya mabomba, hilo ni la kawaida. Lakini likijazwa leo na baada ya wiki tatu likagoma, gesi imetoka mahali, na mahali hapo hapajazibwa.

Nami niliumia hapohapo. Nilikuwa nikimpeleka shangazi yangu msibani bonde la Rukwa, mchana wa Oktoba. Ndani ya miezi minne nilikuwa nimejaza gesi mara mbili katika gereji moja ya mjini, na mara zote nilitoka pale hewa baridi ikinipiga usoni. Tulipomaliza mteremko na kushika tambarare, matundu yalitoa hewa kama ya mbele ya jiko. Shangazi ana pumu. Alifungua dirisha, vumbi likaingia; akafunga, akashindwa kupumua; akafungua tena. Safari ile ndiyo iliyonifundisha kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini mjini inaonekana nzima

Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika, ukifika Kasanga au Kirando, liko chini kidogo ya hapo. Yaani ndani ya safari ya saa chache unashuka mita 1,000. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto hupanda kwa nyuzi 6 au zaidi.

Sasa fikiria gari lenye gesi nusu. Mjini, hewa inayoingia kutoka nje ina nyuzi 20 tu. Kiyoyozi kikiipunguza kidogo, wewe unasikia baridi na unaridhika. Siku nyingine kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, haijawaka kabisa. Unachopulizwa nacho ni upepo wa milima ya Mbizi uliopita kwenye dashibodi. Ukishuka, kazi inaongezeka maradufu, na udhaifu uliokuwapo tangu miezi iliyopita unajitokeza.

Kwa hiyo kipime kiyoyozi kwa kukibebesha mzigo, hukuhuku juu, kabla ya safari:

1. Chagua saa nane mchana, siku yenye jua. Usipime asubuhi ya Juni au Julai. Katika baridi ile baadhi ya magari huzuia kompresa yenyewe kwa makusudi, na hilo si ugonjwa.
2. Fungua boneti na milango yote. Ndiyo, milango yote, ili hewa ya moto iendelee kuingia.
3. Washa AC, feni ya ndani mwisho kabisa, joto chini kabisa, na hewa iwe ya kuzunguka ndani.
4. Mtu mmoja akanyage mafuta kidogo, injini izunguke mara 1,500 hivi kwa dakika. Hakikisha gari liko gia huru na breki ya mkono imekazwa.
5. Subiri dakika kumi, kisha weka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati.

Kati ya nyuzi 4 na 10, mfumo uko hai. Ikibaki 15 au zaidi na milango iko wazi hivyo, usijidanganye kwamba bondeni itakuwa afadhali. Kipimajoto cha hospitali hakifai kazi hii. Kimetengenezwa kwa joto la mwili.

Robo saa ya kwanza, bila fundi

Nimeona watu wanalipia gesi wakati tatizo ni fyuzi. Anza na vitu vya bure.

- Swichi ya joto. Sisi wa Ufipa, nyanda hizi za Sumbawanga, tunatumia hita kuliko watu wa Dar es Salaam. Ndani ya dashibodi kuna kilango kinachochanganya hewa moto na hewa baridi. Kikikwama upande wa moto, kiyoyozi kinapoza na hita inachemsha hapohapo. Sogeza swichi kutoka moto hadi baridi mara kadhaa, usikilize kama kuna kitu kinatembea ndani. Kwa magari yenye waya wa kuvuta, mara nyingi ni waya uliochomoka.
- Filta ya AC. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Itoe. Kama ni ya kahawia na nzito kwa vumbi, hewa haiwezi kupita. Magari mengine ya mtumba huja bila filta kabisa. Hapo vumbi la miaka yote limekwenda kulala kwenye evaporeta, kile kipozea hewa kilicho ndani ya dashibodi.
- Panya. Ukiegesha gari karibu na ghala la mahindi, angalia waya chini ya boneti na kwenye boksi la bloa, ile feni ya ndani. Panya hutafuna waya wa swichi ya shinikizo na kujenga kiota pale hewa inapoingilia. Ukiona maganda ya mahindi kwenye filta, umeshajua.
- Fyuzi na relei. Mchoro uko kwenye kifuniko cha boksi. Fyuzi ikiungua, weka yenye namba ileile. Ikiungua tena papo hapo, acha. Kuna waya unaogusa mahali au sumaku ya kompresa imekufa. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya.
- Mkanda. Injini ikiwa imezimwa, uangalie kama umelegea, umepasuka au unang'aa kama kioo. Ukipiga kelele mara tu unapobonyeza AC, unateleza.

Sikiliza, kisha shika

Injini ikiwaka, mtu mwingine abonyeze kitufe cha AC nawe usimame mbele ya boneti, nguo na mikono mbali na feni. Mambo mawili yatokee. Kwanza, kompresa itoe mlio mfupi, "tak", na kile kisahani cha mbele, cha klachi, kianze kuzunguka pamoja na puli. Pili, feni ya kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta, iwake, mara nyingi papo hapo. Magari mengine mapya yana kompresa isiyo na klachi. Hayo hayatoi mlio, usiyahukumu kwa kusikiliza.

Kisha tafuta mabomba mawili yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi: moja jembamba, moja nene. Baada ya dakika tano, nene liwe baridi na litoke jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, jembamba liwe na uvuguvugu. Yote mawili yakiwa na joto sawa, gesi haizunguki. Usishike bomba linalotoka kompresa kwenda kondensa, lile linaunguza.

Dalili nyingine na pa kuanzia:

- Inapoza gari likitembea, likisimama sokoni inakuwa moto: feni ya kondensa haifanyi kazi, au kondensa imeziba vumbi na wadudu.
- Inapoza nusu saa, kisha upepo unapungua kabisa. Ukizima kidogo inarudi: evaporeta inaganda barafu. Tafuta filta chafu, kihisi cha joto kilichokufa, au gesi pungufu.
- "Tak, tak, tak" kila sekunde chache: mara nyingi gesi ni pungufu na swichi ya shinikizo inakata na kuunga.
- Hakuna mlio wowote: gesi imeisha kabisa, au ni umeme: fyuzi, relei, swichi, sumaku ya klachi.
- Upande wa dereva baridi, wa abiria moto: gesi pungufu, au kilango cha hewa kimekwama.
- Maji miguuni mwa abiria: bomba dogo la kutolea maji limeziba. Maji yanayodondoka chini ya gari ni salama, ndivyo inavyotakiwa.

Kondensa nayo huhitaji kuoshwa. Ioshe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje kama unaweza kufika. Vijana wa kuoshea magari wanaitandika kwa mashine ya presha kwa karibu, na vile vibati vyake vyembamba vinalala kama nyasi iliyokanyagwa. Baada ya hapo hewa haipiti tena, na hakuna gesi itakayotibu hilo.

Gesi: hapa ndipo pesa hupotea

Nirudi kwenye gari langu. Niliporudi mjini kutoka msibani nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima. Hakufunga geji. Alichuchumaa mbele ya gari na tochi, jua likizama, akapitisha mwanga taratibu kwenye kondensa. Kote vumbi lilikuwa kavu na jekundu, ukipuliza linaruka. Kwenye kona ya chini kulikuwa na doa jeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na pale vumbi lilikuwa limeshika. Akalifuta kwa kidole, akasugua kidole kwa kidole: mafuta.

Ndani ya mfumo, gesi hutembea pamoja na mafuta ya kompresa. Inapotoroka hutoka nayo, na vumbi la barabara zetu hunata pale. Kwa hiyo vumbi hili linalotusumbua lina faida moja, linaandika mahali pa kuvuja. Kabla hujaosha gari ili lipendeze kwa fundi, angalia na tochi sehemu hizi:

- kona na maungio ya kondensa;
- kila ungio la bomba, hasa penye oringi;
- mbele ya kompresa, nyuma ya kile kisahani;
- kwenye vijiti vya kujazia gesi, chini ya vifuniko vyake vya plastiki. Kifuniko kikikosekana, weka;
- mabomba ya mpira yanayopita karibu na injini.

Evaporeta huwezi kuiona, imefichwa ndani ya dashibodi. Fundi anaweza kupaka povu la sabuni kwenye maungio, au kuingiza rangi inayong'aa kwa taa ya zambarau, halafu wewe ukatembea siku chache na kurudi.

Fundi wa kweli atafuata mpangilio huu, nawe ukae uangalie:

1. Anatafuta panapovuja. Mfumo ukiwa mtupu, anaujaza naitrojeni na kusikiliza.
2. Anaziba au kubadilisha kilichovuja, na oringi mpya. Oringi ni kitu kidogo sana cha bei. Hakuna sababu ya kurudisha ya zamani.
3. Anabadilisha draya kama mfumo ulikaa wazi. Draya ni kile kikopo kinachonyonya unyevu. Kikishashiba hakifai tena.
4. Anavuta hewa kwa mashine, nusu saa kwa uchache, na kwa baridi yetu afadhali saa nzima.
5. Anazima mashine na kuacha geji dakika 15 au zaidi. Mshale ukirudi, kazi haijaisha.
6. Anajaza gesi kwa mizani, gramu kwa gramu.

Hilo la mwisho ndilo linalorukwa kuliko yote. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema aina ya gesi na uzito wake. Magari mengi tunayoendesha hutumia R134a, na magari madogo huchukua gramu 400 hadi 600 hivi. Fundi akijaza kwa kutazama geji tu, au "mpaka bomba litoe jasho", katika hewa ya nyuzi 20 atakosea kirahisi. Akizidisha, utapoa mjini na bondeni shinikizo litapanda, kompresa itajikata yenyewe, nawe utarudi kumwambia aongeze tena. Gari la zamani sana laweza kuwa lilianza na R12, gesi iliyowekewa mipaka na Mkataba wa Montreal wa 1987. Magari mengine mapya hutumia R1234yf. Hizi hazichanganywi.

"Lakini ukiongeza inapoza!" Ndiyo, inapoza. Ndoo iliyotoboka nayo ukiijaza ina maji. Na kila gesi inapovuja inatoka na mafuta kidogo, na hakuna anayerudisha mafuta yale. Mara ya tatu au ya nne ya "ongeza gesi", kompresa inazunguka kavu, inajisaga, na unga wa chuma unaenea kila bomba. Ulikwepa kununua oringi, sasa unanunua mfumo mzima.

Geji inagota 24, fundi anasema inavuja

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linawatesa watu wa nyanda za juu, na mafundi wengi wamejifunzia kazi Dar es Salaam au kusoma vitabu vya pwani.

Mashine inapovuta hewa, vitabu husema mshale ufike inchi 29 za zebaki. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Hapa Sumbawanga hewa yenyewe ni nyepesi. Uzito wake ni kama inchi 24 tu. Huwezi kutoa hewa zaidi ya iliyopo. Mfumo mzima kabisa, na mashine nzima kabisa, utagota kwenye 24 hivi na kusimama. Fundi asiyejua hilo atasema kuna pancha, atafungua mabomba mazima, au atakuuzia kompresa.

Anachotakiwa kuangalia ni kama mshale unatulia pale baada ya mashine kuzimwa. Ukitulia 24, mfumo umeshika. Kwa sababu hiyohiyo, geji ikipima shinikizo la gesi husoma psi 3 hivi zaidi kuliko ambavyo ingesoma pwani kwa gesi ileile. Ni tofauti ndogo, lakini kwa upande wa shinikizo la chini, ambako gari zima husoma 25 hadi 40, inatosha kumfanya mtu aamini gesi inatosha wakati haitoshi. Mizani haidanganywi na mwinuko.

Mwonyeshe fundi wako aya hizi kwa heshima. Wengi ni wasikivu ukizungumza nao vizuri, nao wameshawahi kushangaa kwa nini mashine zao "hazivuti".

"Fundi amesema kompresa imekufa"

Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuagiza ya mtumba kutoka Mbeya au Dar, muulize:

- Umepima umeme unaofika kwenye klachi? Umeme ukifika na klachi haishiki, shida iko kwenye klachi. Usipofika, shida iko nyuma yake, si kwenye kompresa.
- Ule mwanya kati ya kisahani na puli uko sawa? Kwa kawaida ni nusu milimita hivi au pungufu yake. Klachi iliyolika huacha mwanya mkubwa, na injini ikipata moto sumaku inashindwa kuuvuta. Dalili yake: inashika asubuhi, mchana inagoma. Mara nyingi hurekebishwa kwa kuondoa kishimu kimoja, kile kipete chembamba cha ndani, bila kugusa gesi.
- Umeona unga wa chuma kwenye mafuta? Kama ndiyo, kuifunga kompresa nyingine bila kusafisha mabomba na kubadilisha draya ni kuiua na hiyo pia. Kondensa nyingi za kisasa zina njia nyembamba mno zisizosafishika, hubadilishwa.

Ukinunua ya mtumba, izungushe kwa mkono. Iende laini, isikwame, isiwe inazunguka bila ukinzani wowote. Matundu yake yawe yamefungwa. Iliyokaa wazi kwenye rafu imenyonya unyevu na vumbi. Na ulizia mafuta: aina gani, kiasi gani.

Wenye haibridi, someni hapa

Gari la haibridi kama Prius au Aqua lina kompresa ya umeme, haina mkanda. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme wa kuua. Pia hutaka mafuta ya aina yake. Yale ya kawaida ya PAG yanapitisha umeme, na kiasi kidogo tu kinaweza kuharibu kinga ya kompresa na kulifanya gari likatae kuwaka. Hata mabomba ya geji yaliyotoka kujaza gari jingine yanaweza kuleta masalia yake. Fundi akikuambia mafuta yote ni sawa, mshukuru na uondoke.

Usifanye kabisa

- Usijaze gesi ya kupikia. Itapoza, na ndiyo maana inavutia. Lakini evaporeta iko ndani, mbele ya magoti ya abiria. Ikitoboka, chumba kinajaa gesi inayowaka, na cheche moja ya swichi inatosha.
- Usiruhusu oksijeni ya kuchomelea kupimia uvujaji. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Hewa ya kompresa ya matairi nayo huingiza maji.
- Usifungue ungio mwenyewe. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni au mkononi inagandisha nyama. Fundi naye avae miwani na glavu.
- Usikubali gesi imwagwe hewani. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ukaa. Ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuanza kupunguza gesi za kundi hili. Kama fundi ana mtungi wa kuinyonyea, mpe kazi yeye.
- Usiweke dawa ya kuziba ndani ya mfumo. Huziba pia valvu na huharibu mashine za fundi atakayefuata.

"Huku baridi, AC ya nini?"

Hapa ndipo viyoyozi vya Ufipa vinapofia. Mtu anakaa tangu Mei hadi Septemba bila kubonyeza kitufe, kwa sababu anavaa koti. Ndani, mafuta yanashuka na kukaa chini, sili ya mbele ya kompresa inakauka, gesi inatoka polepole bila mtu kujua. Septemba inafika, joto linaanza, anabonyeza, hakuna kitu.

Washa AC dakika kumi kila wiki, hata Julai. Unaweza kuweka swichi ya joto upande wa moto wakati huohuo, hutaganda. Mafuta yatazunguka, sili italowa.

Na ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Kiyoyozi hukausha hewa. Asubuhi ya mvua ya Januari, ukungu umeshuka barabara ya Laela, abiria saba wanapumua ndani na kioo cha mbele kimekuwa cheupe, usifute kwa mkono wala leso. Bonyeza AC, elekeza hewa kwenye kioo, weka joto, ukiacha hewa ya nje iingie. Kioo kinasafika upesi. Kwa barabara zenye malori na baiskeli gizani, hicho si kitu cha starehe.

Kuhusu mafuta: ndiyo, AC inakula kidogo. Lakini dakika kumi kwa wiki huwezi kuzilinganisha na bei ya kompresa.

Siku ya kushuka

Gari likiwa limesimama juani, fungua milango dakika moja kabla ya kuondoka, endesha dakika mbili madirisha wazi, ndipo ufunge na uweke hewa ya kuzunguka ndani. Dakika chache kabla ya kufika, zima AC na uache feni ipulize. Evaporeta itakauka na ile harufu ya nguo mbichi itapungua. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililozimwa, hata kama unaingia dukani kwa dakika tano.

Wakati wa kurudi, mlima wa Lyamba lya Mfipa, unaopandisha kutoka bondeni, haukusamehe. Tazama mshale wa joto la injini. Ukianza kupanda, zima AC mapema, fungua madirisha, na ukiendelea kupanda washa hita hata kama inakukera, maana inatoa joto kwenye injini. Ukifika juu, Ntendo, mshale umetulia, iwashe tena AC na uiache mpaka nyumbani, ingawa upepo wa nje umeshaanza kukutaka uvae sweta.